Ramani ya Makazi ya Tai Si Ramani ya Miti

Ukifungua picha ya setilaiti ya Usambara Mashariki, kuanzia Longuza kule chini hadi Amani na Nilo huko juu, utaona kijani kimetanda. Ndani ya kijani hicho mna mitiki, mikaratusi ya mashamba ya chai, mihesi iliyojiotea, iliki zilizofichwa chini ya miti mirefu, mikarafuu ya wanakijiji, na msitu wa asili. Ukiiambia kompyuta ikutafutie miti, itakuokotea vyote kwa mkupuo mmoja. Halafu mtu atachora mstari kuzunguka kijani hicho, ataandika pembeni "makazi ya ndege wawindaji wa msituni", na mstari huo utaamua nani akate nguzo wapi na kijiji kipi kiache ardhi yake. Ndiyo maana kazi hii inahitaji subira kuliko inavyopewa.

Nitatumia ndege wawili, kwa sababu kila mmoja anaiumbua ramani ya miti kwa njia yake. Wa kwanza ni tai mwenye taji, Stephanoaetus coronatus, yule anayebeba mbega na kima. Wa pili ni bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ndege wa gramu kama 50 tu, anayepatikana Arabuko-Sokoke na Dakatcha pwani ya Kenya, na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Tai anahitaji eneo kubwa na mti mmoja mkubwa wa kujengea. Bundi anahitaji eneo dogo lakini anachagua aina ya msitu kwa ukali. Ramani inayomfaa mmoja haimfai mwenzake, na anayetaka kuwatengenezea ramani moja atapata picha nzuri ya ukutani.

Anza na uamuzi, si na picha

Kabla ya kupakua chochote, andika kwa sentensi moja ramani itaamua nini. Kama ni kupanga mahali pa kukata kuni katika msitu wa kijiji, unahitaji usahihi wa mita kumi au ishirini. Kama ni kuchagua ukanda wa kuunganisha misitu miwili, kama ilivyofanyika Derema ambako wakulima wa iliki walilipwa fidia ili msitu wa Amani uunganike na ile ya kaskazini, basi mita 30 zinatosha na nguvu zako ziende kwenye kujua kilichoko chini ya miti. Watu wengi huanza na picha kwa sababu picha ni za bure, kisha hutafuta swali linalofanana nazo.

Kumtafuta tai

Jina ndilo kikwazo cha kwanza. Vijijini "tai" mara nyingi ni yule wa mizoga, "mwewe" ni kila kinachonyakua kifaranga, na "kipanga" maana yake hubadilika ukivuka mto. Usiulize kwa jina, wala usianze na picha ya kitabuni, maana mtu mwenye adabu atakubali picha ili asikuvunje moyo. Uliza tabia:

— Shikamoo mzee.
— Marahaba mwanangu.
— Mzee, kuna ndege huku anayeweza kubeba kima?
— Yupo. Kifua kimejaa mabaka, miguu minene kama ya mtoto.
— Huwa mnamwona na nini miguuni?
— Nyama. Na siku nyingine tawi bichi, la majani. Analipeleka kule bondeni kwenye mnyasa mkubwa.

Hilo tawi bichi ndilo ulilolifuata. Tai hawa huongezea kiota vijiti na kukitandika majani mabichi, kwa hiyo ndege aliyeonekana na tawi ana kiota, na mwelekeo alioruka unafaa kuliko saa tatu za kuzurura msituni. Andika mwelekeo, jina la bonde kama wenyeji wanavyoliita, na mwezi. Bonde lina jina kabla halijawa na namba.

Baadaye nenda kwenye uwazi wa juu. Usambara imebarikiwa kwa hilo, kwa sababu mashamba ya chai hukupa mahali pa kusimama ukatazama msitu kwa mbali. Kaa kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, siku isiyo na ukungu. Dume hupanda na kushuka angani kama anayepanda ngazi zisizoonekana, akipiga kelele kali za kurudiarudia, na kelele husikika hata ukishindwa kumwona. Watu wawili wenye dira, vilima viwili, saa zilizolinganishwa: mistari yenu ikikutana mahali pamoja siku mbili tofauti, ingieni bonde hilo.

Chini ya kiota utakuta mafuvu ya kima, taya za perere, pembe ndogo za paa, na kinyesi cheupe kwenye majani ya chini. Kiota chenyewe ni lundo la vijiti kwenye panda nene, kwa kawaida mita 12 au zaidi kutoka ardhini, na cha zamani huwa na upana unaozidi mita mbili. Usikae chini yake zaidi ya dakika kumi na tano wakati wa kuatamia. Mayai yakipoa, mwaka umepotea. Na tai huyu hushambulia watu karibu na kiota, kwa hiyo huku nyuma ya shingo si mahali pa kupuuza.

Tofauti na ndege wengi, jozi hii haizai kila mwaka. Yai huatamiwa siku kama 50, kinda hukaa kiotani siku kama 110, kisha huendelea kulishwa na wazazi miezi tisa hadi kumi na moja. Kwa hiyo jozi iliyofanikiwa hutaga tena baada ya miaka miwili hivi. Matokeo yake kwenye fomu ni haya: ukikuta kiota hakina yai wala kinda mwaka huu, hujakuta kiota kilichohamwa. Weka visanduku vitatu tofauti, "kina dalili mpya", "hakina dalili mpya", "kimeanguka", na ufute kabisa neno "kimeachwa". Hilo neno limewahi kutosha kumpa mtu kibali cha kukata mti.

Kwa kila kiota pima mti wenyewe: aina, kipenyo kwenye kimo cha kifua, urefu wote, urefu hadi kiotani, mteremko, umbali hadi mto, na mfuniko wa majani katika vituo vinne vya kuzunguka. Kisha, na hapa ndipo watu hukata kona, pima vilevile mti mwingine mkubwa usio na kiota, umbali wa mita 200 hadi 500, uliochaguliwa kwa mwelekeo wa kubahatisha. Bila miti ya kulinganishia utaandika kwamba tai anapenda miti mirefu karibu na mito, kumbe miti yote iliyobaki mirefu iko karibu na mito kwa sababu kwingine ilishakatwa.

Kumsikiliza bundi

Bundi wa Sokoke hatafutwi kwa macho. Sauti yake ni mluzi mfupi unaorudiwa mara kadhaa kwa mwendo wa polepole, na kazi yote hufanyika gizani. Eneo la jozi moja ni hekta kumi na kidogo, yaani duara lenye nusu kipenyo cha chini ya mita 200. Kwa hiyo vituo vya kusikiliza viachane mita 500. Vikikaribiana zaidi ndege mmoja atakujibu mara mbili, na jioni utaandika jozi mbili.

Anza dakika 45 baada ya jua kuzama. Kila kituo: dakika tatu za kunyamaza na kusikiliza, dakika moja ya kurusha sauti kwa spika, kisha dakika tano za kusikiliza tena. Akijibu, zima spika mara moja. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, kuendelea kumchokoza ili "uwe na uhakika". Unampotezea muda wa kuwinda na unamvuta kutoka kwake. La pili linafanana na hilo: bundi husogea kimyakimya kuelekea spika kabla ya kuita, kwa hiyo sauti unayoisikia dakika ya nne iko mita mia kutoka alikokuwa. Andika mwelekeo na umbali wa mwito wa kwanza tu. Upepo ukivumisha majani, au mvua ikianza, funga kazi. Andika pia hali ya mwezi. Arabuko-Sokoke kuna tembo, na usiku hakuna mkuza (njia nyembamba iliyofyekwa kupima msitu) unaostahili kutembewa bila askari anayejua walipolala mchana.

Sasa hesabu inayosahaulika. Tuseme uwezekano wa kumsikia bundi aliyepo, kwa ziara moja, ni 0.4. Ziara tatu zinakupa uwezekano wa 1 kutoa (0.6 × 0.6 × 0.6), yaani kama 0.78. Ziara tano zinakupa 0.92. Maana yake, mwenye kupita mara moja ataandika "hayupo" katika vituo sita kati ya kumi ambavyo bundi yupo, na modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayotabiri mahali pa ndege, itajifunza kwa bidii tofauti kati ya mahali alipoita na mahali aliponyamaza. Ziara zirudiwe, na modeli iwe ya ukaaji inayotenganisha kuwepo na kusikika. Kama bajeti inatosha vituo 100 kwa ziara moja au 30 kwa ziara tatu, chukua 30.

Mita mia tatu zinazopotea mezani

Karibu kila mradi huku kwetu hukutana na kosa hili, na halionekani kwa macho. Ramani za zamani za serikali za Kenya na Tanzania, zile za 1:50,000, zimechorwa kwa mfumo wa kutaja mahali kwa namba uitwao Arc 1960. GPS na picha za setilaiti hutumia WGS84. Mistari ya gridi inafanana, namba zina tarakimu zilezile, kanda ni ileile ya 37 Kusini. Lakini ukisoma namba za mfumo mmoja kana kwamba ni za mwingine, alama inahama kama mita 300, hasa kaskazini–kusini.

Kwa tai pengine utasalimika. Kwa bundi mwenye duara la chini ya mita 200, umemhamisha nyumba nzima. Kule Sokoke, ambako msitu wa ardhi nyekundu na wa mchanga mweupe hupakana kama shuka mbili, umemtoa kwenye msitu wake na kumweka kwenye ule asioukanyaga. Katika QGIS, programu ya kuchorea ramani, namba ya Arc 1960 kanda 37 Kusini ni 21037, na ya WGS84 ni 32737. Weka zote kwenye kichwa cha fomu, mtu aizungushie anayotumia. Mipaka ya hifadhi uliyopewa kwenye flashi, bila maelezo, ijaribu kwanza kwa kuiweka juu ya picha na kuangalia kama kona zinaangukia kwenye mito na njia zilizotajwa. Zikiwa zimehama zote kwa kiasi kimoja, umeshajua ugonjwa.

Kutenganisha kijani

Picha za Sentinel-2 zina pikseli za mita 10, na zinatosha. Tatizo la Usambara ni mawingu, ambayo hukaa kwenye mwinuko uleule uliko msitu. Usichanganye mwaka mzima kuwa picha moja ya wastani. Tengeneza mbili: moja ya kiangazi cha Januari na Februari, nyingine ya Agosti hadi Oktoba. Tofauti ya majira ndiyo inayosema aina ya mti. Mitiki ya Longuza hupukutisha majani wakati wa ukavu na kujiumbua yenyewe. Kule Sokoke mrihi huchipua majani mekundu, tena msitu wake ni wazi kiasi kwamba mchanga mweupe unarudisha mwanga kupitia matawi, wakati msitu wa Cynometra, ambao wenyeji huuita wa mfunda, unafunga juu ya ardhi nyekundu na kubaki wa giza. Bundi yuko kwenye huo wa giza. Mahali mawingu yameshinda kabisa, tumia rada ya Sentinel-1, lakini fahamu kwamba kwenye miteremko mikali rada hutia kivuli upande mmoja na mng'ao upande wa pili, na modeli itauona upande wa mlima kama aina ya msitu.

Mikaratusi usiifute kwa sababu tu ni ya kigeni. KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, tai wenye taji wengi hujenga juu ya mikaratusi mirefu na kuwinda kwenye msitu wa asili ulio jirani. Mstari wa mikaratusi mizee kando ya shamba la chai unaweza kuwa na kiota wakati msitu uliochoka nyuma yake hauna panda hata moja nene ya kutosha. Ufutwe baada ya kutazamwa, si kabla.

Kisicho na dawa angani ni iliki. Mkulima wa iliki hakati mti mkubwa, anauhitaji kwa kivuli. Anachofyeka ni miche na vijiti vya chini. Kutoka juu unaona mwavuli uliofunga, mrefu, mzuri. Chini yake hakuna mti mdogo hata mmoja wa kurithi. Leo tai ana mti wa kujengea. Mti huo ukianguka, hakuna wa kuushika nafasi. Hakuna setilaiti itakayokuonyesha hilo, na mimi siamini ramani yoyote ya Usambara inayodai imeliona. Dawa ni miguu: mikuza ya mita 1,000 kwa upana wa mita 10, yaani hekta moja kila mkuza, ukihesabu miche ya miti mikubwa, mashina ya iliki, na visiki vipya na vya zamani. Mkuza huohuo ndio utakaokuambia kuhusu muhugu kule Sokoke. Wachongaji waliupenda, ukakatwa mmoja mmoja, na mti mmoja ukitoka pikseli ya mita 10 haishtuki. Lakini miti mizee yenye matundu ndiyo bundi wa kundi hili hutagia.

Urefu wa miti unaweza kuupata kwa laida (kipimo cha miale ya leza) ya GEDI, iliyofungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Si picha kamili, ni madoa yenye upana wa mita 25 yaliyotawanyika. Sokoke ni tambarare na vipimo vyake ni vya kutegemewa, vinakutenganishia kichaka kifupi cha mfunda na msitu wake mrefu. Usambara ni habari nyingine. Doa la mita 25 kwenye mteremko wa digrii 30 lina tofauti ya mwinuko ya mita 14 kutoka ukingo hadi ukingo, hata kama pameota nyasi tupu. Kifaa kinaweza kusoma tofauti hiyo kama miti. Tupa madoa yote yaliyoangukia mteremko unaozidi digrii 20. Utabaki na machache, lakini hayatakudanganya.

Modeli inayojisifu

Una viota kumi na tano. Kuna mtu atakuletea tabaka 19 za hali ya hewa zenye pikseli za kilomita moja, kwa sababu kila mtu huzitumia. Mteremko wa Amani unatoka chini ya mita 300 hadi zaidi ya 1,000 katika umbali mfupi, na pikseli ya kilomita moja inaulainisha kuwa uji. Kwa viota kumi na tano chukua vigezo viwili, ukizidi sana vitatu: urefu wa miti, aina ya msitu, na kiasi cha msitu katika kilomita mbili kuzunguka. Kigezo hichohicho kipime kwa nusu kipenyo cha mita 100, 500 na 2,000, uone kinazungumza kwa kipimo gani. Kiota kinachaguliwa kwa mti na bonde, mawindo yanachaguliwa kwa mandhari nzima.

Kisha jihadhari na alama nzuri. Modeli hulinganisha mahali pa viota na sehemu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Ukizitawanya sehemu hizo Mkoa mzima wa Tanga, hadi kwenye mashamba ya mkonge na fukwe, modeli itapata alama ya 0.95 kati ya 1 kwa kugundua jambo moja: tai hakai kwenye mkonge. Umelipia kompyuta ikwambie tai wa msituni anakaa msituni. Sehemu za kulinganishia ziwe ndani ya msitu pekee, tena kwenye mabonde uliyoyatafuta kwa juhudi sawa, kwa sababu viota vinavyojulikana siku zote viko karibu na barabara. Alama itashuka hadi 0.7 na kitu. Hiyo ndiyo unayoweza kusimama nayo mbele ya afisa misitu.

Kupima modeli nako kugawanywe kwa mabonde, si kwa nukta. Ficha bonde zima, fundisha kwa mengine, kisha tabiri lile ulilolificha. Na usisafirishe modeli. Ukiifundisha bundi wa Sokoke kwa data ya Kenya pekee, itajifunza mfunda na ardhi nyekundu, na itaapa kwamba Tanzania hakuna bundi huyo. Yupo, kwenye misitu ya mchanganyiko chini ya mita 400 au hivi, chini kabisa ya mlima, kwenye msitu uleule unaoliwa na mashamba kwanza kwa sababu ni rahisi kulima. Waliokuwa wakitafuta ndege wa thamani walipanda juu.

Kutoka rangi hadi mpaka

Modeli hutoa rangi zinazofifia kutoka 0 hadi 1. Kijiji hakiwezi kulinda 0.63. Lazima ukate mahali fulani, na hapo umeacha takwimu na kuingia kwenye siasa, afadhali ulikiri. Ukikata chini utalinda karibu viota vyote na kuwanyang'anya watu ardhi isiyo na tai. Ukikata juu, kinyume chake. Tengeneza ramani mbili za mikato miwili, waonyeshe wote, wachague wakijua gharama.

Kuhusu kiota chenyewe, hesabu iko hivi. Duara la mita 500 ni hekta 78 na ushee. La mita 250 ni hekta 20 kasoro kidogo. Kwenye msitu wa serikali omba 500. Kwenye ardhi ya kijiji mimi ningechukua 250 zinazoheshimiwa kuliko 500 za kwenye karatasi, na nisingezichora duara: fuata mto na mgongo wa kilima, kwa sababu mlinzi anaweza kuuona mgongo wa kilima na hawezi kuona duara. Ndani yake hakuna kukata mti mkubwa wakati wowote, na hakuna msumeno wala kuchoma mkaa tangu kutaga hadi kinda kuruka, kama miezi mitano na nusu. Ongeza miti mitatu hadi mitano ya akiba ndani ya nusu kilomita, yenye panda nene, ipakwe alama. Viota huanguka, hasa masika.

Usigawanye eneo lote kwa eneo la jozi moja ili upate idadi ya tai. Namba hiyo hupendwa sana na wafadhili. Inachukulia kwamba kila kipande kina mti wa kujengea na kima wa kutosha, na hayo ndiyo mambo ambayo ramani ilitakiwa kuyachunguza.

Chapa kwa 1:25,000 kwenye karatasi ya A1: sentimita moja ni mita 250, mtu anaweza kupima kwa kidole. Weka majina ya mabonde uliyopewa, shule, njia za miguu, visima. Upande wa Tanzania ipite Kamati ya Maliasili, kisha mkutano mkuu wa kijiji, iingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, vinginevyo ni bango tu. Arabuko-Sokoke wahusika ni wengi zaidi, maana Huduma ya Misitu, Huduma ya Wanyamapori, Makumbusho ya Taifa na taasisi ya utafiti wa misitu husimamia pamoja, na vyama vya jamii vya msitu vina sauti. Wapelekee nakala moja yenye mstari mmoja. Kila ofisi ikiwa na toleo lake, mkataji atatumia lile linalompendelea.

Viota visionekane kwenye nakala ya hadharani. Onyesha miraba ya kilomita moja tu. Tai huchukua mbuzi mchanga na mwenye mbuzi hana kumbukumbu fupi, na bundi bado kwa wengi ni uchuro, akilia juu ya paa watu huhesabu wagonjwa. Namba kamili zikae kwa watu wawili: msimamizi wa data, na mlinzi anayepita huko kila wiki.

Viota vyote vitembelewe mara mbili kwa mwaka, miaka mitatu mfululizo, kabla ya kubadilisha mpaka wowote kwa sababu ya tai kutoonekana. Picha za setilaiti zirudiwe kila mwaka kwa miezi ileile, maana ukilinganisha Februari ya mwaka huu na Septemba ya mwaka jana utaona mitiki yote imekatwa. Na kwenye kona ya chini ya kila nakala iandikwe tarehe ya picha, tarehe ya mwisho ya kwenda msituni, na mfumo wa gridi, kwa wino usiofutika.